Cheti, Diploma au Digrii? Milango ya Unesi Ilijengwa na Nani

SEHEMU YA 1: Ujumbe wa mama mmoja

 

Wiki iliyopita mama mmoja aliniandikia inboksi. Binti yake kamaliza kidato cha nne, matokeo yake si mabaya, na anataka unesi. Baba anasema aende kidato cha tano akasome PCB, baadaye achukue digrii. Maneno ya baba: "Sisomeshi mtu akawe nesi wa cheti." Bibi naye anasema binti aende chuo sasa hivi, baada ya miaka mitatu aanze kazi, maana wadogo zake wapo nyuma wanasubiri ada. Binti mwenyewe analia tu. Mama akaniuliza: "Sista, wewe ulipita wapi? Na ungekuwa mimi ungefanyaje?"

Nilianza kumjibu kwa mistari mitano, nikashindwa. Lile neno "nesi wa cheti" lilinikaa kooni. Watu wanalisema kana kwamba ni aina ya binadamu. Mimi niliingia kwa cheti. Shangazi yangu aliyenifanya nipende kazi hii aliingia kwa kitu kilichokuwa chini hata ya cheti cha leo.

Kwa hiyo nimeona nisijibu kwa haraka. Ngoja nirudi nyuma kabisa, tuone hii milango ilijengwa na nani na kwa sababu gani. Mkimaliza kusoma, nadhani mtaichagulia mabinti zenu kwa macho tofauti. Vijana wa kiume pia, maana nao ni manesi.

SEHEMU YA 2: Milango miwili tangu siku ya kwanza

Kuuguza kulianza nyumbani. Mama ndiye aliyejua homa ya mtoto imepanda, bibi ndiye aliyejua dawa ya tumbo, na mkunga wa jadi alijifunza kwa mama yake au kwa bibi yake, mkono kwa mkono. Darasa halikuwepo.

Darasa tunalolirithi sisi lilianzia Uingereza. Mwaka 1854 Florence Nightingale alikwenda na kundi la wauguzi huko Scutari, Uturuki, kuhudumia askari wa Vita vya Krimea. Aliporudi kwao jina lake lilikuwa kubwa, watu wakachanga fedha, na mwaka 1860 shule ya wauguzi ikafunguliwa katika hospitali ya St Thomas', London. Mafunzo yalikuwa ya mwaka mmoja, sehemu kubwa yakifanyika wodini.

Hapa kuna jambo ambalo kwenye sherehe zetu za Mei 12, tunapowasha mishumaa, huwa halitajwi. Hata shule ile ilikuja kuwa na milango miwili. Wasichana wa kawaida walipewa malazi na posho ndogo. Mabinti wa familia zenye uwezo walijilipia wenyewe, na wao ndio waliotarajiwa kwenda kuwa matroni katika hospitali nyingine. Wodi ilikuwa moja, wagonjwa ni walewale, ila mmoja alikuwa anaandaliwa kusimamia na mwingine kusimamiwa. Kilichowatenganisha mwanzoni ni mfuko wa baba.

Baadaye akaja mwanamama mwingine, Ethel Bedford Fenwick. Yeye alitaka kila nesi asome miaka mitatu, afanye mtihani, na jina lake liingie kwenye daftari la taifa ili mgonjwa ajue anahudumiwa na nani. Nightingale alimpinga. Aliona mtihani unapima kichwa tu, na kwamba unesi ni moyo na tabia, vitu ambavyo karatasi haiwezi kuvipima. Ugomvi huo ulichukua miaka zaidi ya thelathini. Sheria ilipitishwa mwaka 1919, na daftari lilipofunguliwa mwaka 1921, nesi namba 1 alikuwa Fenwick mwenyewe.

Mnaona? Ule ubishi tunaousikia mtaani, "hawa wa digrii wanajua vitabu tu, wa cheti ndio wanajua kazi", una zaidi ya miaka mia. Waliuanza hao wawili.

Mwaka 1943, katikati ya vita kuu ya pili, Uingereza ilikosa manesi. Ikatengeneza orodha ya pili, ya wauguzi wasaidizi wenye mafunzo mafupi, miaka miwili. Hapo ndipo ukawepo rasmi mgawanyo wa nesi aliyesajiliwa na nesi aliyeorodheshwa. Ulizaliwa na uhaba wa watu. Halikuwa wazo la mtu aliyekaa akafikiria namna bora ya kumfundisha nesi.

Na uliumiza watu. Baada ya mfumo wao wa afya wa taifa kuanza mwaka 1948, walichukua wasichana wengi kutoka Jamaika, Barbados na makoloni mengine, Afrika ikiwemo. Wengi walielekezwa kwenye ile kozi fupi bila kuelezwa vizuri. Walikuja kugundua baadaye kwamba cheti kile hakitambuliki kwao. Msichana kavuka bahari, kafanya kazi usiku na mchana, kumbe karatasi aliyonayo haimrudishi nyumbani kama nesi.

Hilo lishikeni. Tutalirudia mwishoni.

SEHEMU YA 3: Milango inafika kwetu

Tanganyika ilipotawaliwa na Waingereza, mfumo wa unesi uliokuja ulikuwa wao. Hospitali za misheni zilifundisha wasaidizi wao wodini. Serikali nayo, kuanzia miaka ya 1920, ilifundisha vijana wa kutibu vidonda na magonjwa madogo kwenye zahanati za vijijini, waliitwa madresa. Wengi walikuwa wanaume. Sababu ni rahisi: shule za wasichana zilikuwa chache, na msichana asiyesoma huwezi kumfundisha kupima dozi.

Sheria ya kusajili wauguzi na wakunga Tanganyika ilitungwa mwaka 1952, na baraza likaanza mwaka 1953. Baraza hilo ndilo babu wa Baraza la Uuguzi na Ukunga la leo, linalotupa leseni. Daftari likaja na ngazi zake, kama kule London. Aliyefika darasa la juu alielekea kwenye usajili kamili. Aliyeishia la saba au la nane alielekea ngazi ya chini. Sasa jiulize, katika miaka ile, msichana wa Kiafrika aliyefika darasa la kumi na mbili alikuwa nani? Walikuwa wa kuhesabu. Mlango wa juu ulikuwepo ukutani, ila ngazi ya kuufikia haikujengwa.

Kuna mwanamke mmoja wa Moshi mnayemjua kwa siasa, Lucy Lameck. Wengi hawajui kwamba alisomea unesi. Alipomaliza hakutaka kufanya kazi ndani ya mfumo wa kikoloni. Akaingia TANU, akaenda kusoma chuo cha Ruskin kule Oxford, na baada ya uhuru akawa mbunge na mwanamke wa kwanza kushika nafasi ya uwaziri katika serikali yetu. Katika nafasi alizoshika ni Naibu Waziri wa Afya. Yaani aliuacha unesi kwa mlango mmoja, akarudi kwenye wizara yake kwa mlango mwingine.

Tulipopata uhuru mwaka 1961, madaktari Watanganyika walikuwa 12. Kumi na mbili, nchi nzima! Kwa hiyo nani alikuwa anatibu watu? Madresa, manesi na wakunga. Wengi wao walikuwa wa ile milango ya chini.

SEHEMU YA 4: Shangazi na mizani yake

Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, serikali ilielekeza nguvu vijijini. Miaka ya 1970 ilianzisha mafunzo ya wahudumu wa afya ya mama na mtoto. Walichukuliwa wasichana waliomaliza la saba, wakafundishwa miezi 18, wakarudishwa kwenye zahanati. Mkimuuliza mama mwenye miaka sitini atawaambia: "Ah, yule mama wa MCH!"

Shangazi yangu alikuwa mmoja wao. Nilikaa kwake nikiwa shule ya msingi, kwenye nyumba ya chumba kimoja na sebule nyuma ya zahanati. Asubuhi alining'iniza mizani kwenye tawi la mwembe, akina mama wakapanga foleni na kadi zao. Alipima, akaandika, akachanja, akaeleza uji wa lishe unavyopikwa. Mwanamke akija na uchungu saa nane za usiku, alikuwa anamulika na taa ya chemli na kumpokea mtoto. Mimi nilikuwa nachemsha maji.

Ninachotaka mjue ni hiki. Mtoto aliyechanjwa surua na shangazi hakupata kinga ya daraja la chini. Kinga ni ileile. Taifa lilihitaji watu wengi haraka, na miezi 18 ndiyo iliyowezekana.

Lakini pia sitaki kuwapamba. Kuna usiku alipokea mama aliyetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Gari lilikuwa mbali. Shangazi alifanya yote aliyofundishwa, na aliyofundishwa yaliishia njiani. Yule mama alifariki kabla hakujakucha. Shangazi alikaa kwenye kizingiti na gauni lake la kazi hadi jua likatoka. Miaka mingi baadaye aliniambia, "Nilikuwa najua kuna kitu kingine cha kufanya. Sikukijua ni kipi."

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema elimu haina maana, mradi moyo upo. Moyo shangazi alikuwa nao. Alichokosa ni miaka ya darasani, na wa kumpeleka huko hakuwepo. Zilipokuja kozi za kuwapandisha, alishapita arobaini. Alikwenda. Alikaa dawati moja na wasichana wa umri wa binti zake, akarudi akiwa nesi kamili, na kitu cha kwanza alichonionyesha kwenye daftari lake ni somo la kutokwa na damu baada ya uzazi. Alikuwa amelipigia mstari mara mbili.

SEHEMU YA 5: Digrii ilikujaje

Kwa muda mrefu nesi wa Afrika Mashariki aliyetaka kupanda juu ya diploma alilazimika kwenda Ulaya. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza diploma ya juu ya uuguzi, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani, kwa ajili ya manesi waliokwisha kufanya kazi. Kutoka Kenya hiyohiyo alitokea Eunice Muringo Kiereini, aliyechaguliwa kuwa rais wa Baraza la Kimataifa la Wauguzi, akalitumikia kuanzia 1981 hadi 1985. Alikuwa Mwafrika wa kwanza kukalia kiti hicho.

Hapa kwetu shahada ya uuguzi ilianza Muhimbili mwishoni mwa miaka ya 1980. Makerere walianza yao mwaka 1993. Kwa hiyo digrii ya unesi kwetu ni changa. Bibi zenu wengi walizalishwa kabla haijakuwepo.

Je, inaleta tofauti? Mwaka 2014 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Linda Aiken na wenzake, uliofanywa kwenye hospitali 300 za nchi 9 za Ulaya, kwa wagonjwa zaidi ya 420,000 waliofanyiwa upasuaji. Waliona kwamba kila idadi ya manesi wenye digrii ilipoongezeka kwa asilimia 10, uwezekano wa mgonjwa kufariki ndani ya siku 30 ulipungua kwa asilimia 7. Na kila nesi alipoongezewa mgonjwa mmoja, uwezekano huo ulipanda kwa asilimia 7. Hizo ni hospitali za Ulaya, hali zao si zetu. Lakini ona vitu viwili vimekaa pamoja: elimu ya nesi, na idadi ya wagonjwa anaobebeshwa. Ukimpa nesi digrii halafu ukamwachia wodi ya watu hamsini peke yake, umefanya nusu ya kazi.

Majirani zetu Kenya walifanya jambo ninalolipenda. Manesi wao wengi walikuwa wa ngazi ya cheti. Kuwatoa wote kazini warudi chuoni kungefunga zahanati. Mwaka 2005 AMREF na Baraza la Wauguzi la Kenya walianza mpango wa kuwasomesha kwa kompyuta wakiwa hukohuko kazini, wapande hadi ngazi ya diploma. Lengo lilikuwa manesi wapatao 22,000. Walichokifanya ni kumjengea ngazi mtu aliyekwisha kuingia kwa mlango wa chini. Shangazi angezaliwa miaka thelathini baadaye, angeifaidi ngazi kama hiyo akiwa bado kijana.

SEHEMU YA 6: Sasa mama, jibu lako

Tuje kwa binti yako. Milango ya leo Tanzania iko hivi.

Mlango wa chuo cha kati: baada ya kidato cha nne, mwenye ufaulu unaotakiwa, hasa Baiolojia, Kemia na Fizikia, anasoma miaka mitatu kwa hatua. Akimaliza ana diploma, anapata leseni ya Baraza akitimiza masharti yake, na akiajiriwa serikalini cheo chake kinaanzia Afisa Muuguzi Msaidizi.

Mlango wa chuo kikuu: miaka miwili ya kidato cha tano na sita, kisha minne ya digrii, kisha mwaka wa mazoezi kazini. Huyu ataitwa Afisa Muuguzi.

Wengi wanadhani ukipita chuo cha kati umeaga digrii. Si kweli. Mwenye diploma yenye wastani wa B, yaani GPA ya 3.0, anaweza kuomba digrii, ingawa vyuo vingine vinaongeza masharti yao. Piga hesabu ya darasani tu: kidato cha tano hadi digrii ni miaka 6, diploma kisha digrii ni 7. Tofauti ni mwaka mmoja. Tofauti kubwa ni kinachotokea mambo yakiharibika. Wa kidato cha sita akiteleza kwenye mtihani, anarudi nyumbani bila taaluma mkononi. Wa diploma akikwama ada mwaka wa nne, tayari ana leseni na anaweza kufanya kazi. Ila naye akilegea akamaliza na GPA ya chini, kajifungia mlango wa juu mwenyewe.

Mimi nilipita njia ndefu kuliko zote. Cheti nikiwa na miaka 19, kwa sababu baba alikuwa amefariki na hela ilikuwa ya cheti tu. Diploma nikiwa na miaka 26, nikamwacha mwanangu wa miezi minane kwa mama. Nilikuwa nakamua maziwa bafuni na kuyamwaga. Digrii nimemaliza nikiwa na 35. Sijutii, lakini sitamdanganya mtu kwamba ni bure. Kila ukirudi darasani unalipa ada upya, na kuna mtu nyumbani analipa kwa kukukosa. Rafiki yangu aliyekwenda moja kwa moja digrii aliepuka hayo, ila alikaa miaka mitatu mtaani akisubiri ajira, wakati mimi nilikuwa nalipwa.

Kwa hiyo maneno ya baba, "nesi wa cheti", naomba yaondoke mezani. Maneno ya bibi, "aanze kazi basi", nayo yasimalize kikao. Kaeni na binti, muulizane haya:

Moja. Chuo hiki kimesajiliwa NACTVET, na Baraza linakitambua? Msiangalie bango la barabarani, angalieni kwenye orodha yao. Nina mdogo wangu wa ukoo aliyesoma mwaka mzima kwenye chuo ambacho sitakitaja, akaja kuambiwa kozi ile haikuwa na kibali. Ni yaleyale ya wasichana wa Jamaika.

Mbili. Karatasi hii inafungua mlango upi unaofuata, na kwa alama zipi?

Tatu. Hela ya nyumbani inafika wapi bila kumtoa mdogo wake shule? Ulizeni pia mikopo ya serikali. Kuanzia mwaka wa masomo 2023/2024 ilifunguliwa hata kwa baadhi ya kozi za diploma, za afya zikiwemo.

Nne. Binti akipata mtoto kabla hajamaliza kupanda, nani atamshikia? Hili watu huona aibu kuliuliza. Mimi lingeniokoa mengi kama ningeulizwa.

Mngekuwa wa kwangu, na hela ni ya kubana, na Fizikia ya binti ni ya kuungaunga, ningempeleka diploma kwenye chuo kinachotambulika, nimwambie siku ya kwanza kabisa: lengo ni GPA ya kuvuka. Kama masomo anayaweza kweli na ada ya miaka sita ipo, mpeni kidato cha tano. Uamuzi ni hesabu ya nyumba yenu. Heshima ya mtu haimo humo.

Shangazi amestaafu sasa. Nilipomwonyesha cheti cha digrii alivaa miwani, akakisoma mstari kwa mstari, Kiingereza chote. Kisha akaniuliza: "Damu baada ya uzazi, walikufundisha vizuri?" Nikamwambia ndiyo shangazi, vizuri. Akakunja karatasi akanirudishia.

Manesi wenzangu mliopo humu, andikeni hapo chini mliingia kwa mlango upi na leo mko wapi. Yule mama anasoma, na binti yake anasoma pia.